Klachi mpya kabla ya safari ndefu: gari la Tabora liingie gereji lini na lifanyiwe nini

Kama unaondoka Tabora tarehe 20, klachi ya gari lako iwe imeshafungwa ifikapo tarehe 5. Wengi hufanya kinyume. Gari linaanza kuteleza mwanzoni mwa mwezi, linavumiliwa, kisha siku mbili kabla ya safari linakimbizwa gereji. Linatoka saa moja usiku, na alfajiri linapakiwa watu saba na magunia ya mchele kuelekea Dar es Salaam. Hata klachi iliyofungwa vizuri kabisa huweza kuungua kwa mtindo huo. Iliyofungwa vibaya ndiyo usiseme, maana itakuonyesha ubaya wake porini.

Uso wa pleti mpya, ile sahani ya klachi, na uso wa flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, havijazoeana. Siku za kwanza vinagusana kwa sehemu ndogo ndogo tu, na ukivitwisha mzigo mzito papo hapo, joto lote linakusanyika kwenye sehemu hizo. Pleti inang'aa kama kigae na kuanza kuteleza ingali mpya. Pia makosa ya ufungaji huwa hayajitokezi siku hiyo hiyo. Sili inayovuja, upepo uliobaki kwenye bomba, boliti iliyokazwa nusu, vyote hujionyesha baada ya siku mbili tatu za kutumia gari. Halafu kuna njia zetu. Uende Mpanda kupitia Sikonge na Ipole, uende Manyoni kupitia Nyahua na Itigi, au uende Kigoma kupitia Kaliua na Uvinza, utapita vipande virefu ambavyo huwezi kumpata fundi mwenye jeki ya kushushia giaboksi.

Kwanza hakikisha ni klachi kweli

Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na watu. Weka gia ya nne, mwendo wa kilomita 50 hadi 60 kwa saa, kisha kanyaga mafuta yote. Ukiona mshale wa mizunguko ya injini unapanda haraka lakini gari haliongezi mwendo, pleti inateleza. Kwenye kilima au ukiwa na mzigo dalili hii hujitokeza mapema zaidi, na mara nyingi huandamana na harufu kali kama ya breki zilizoungua.

Kipimo cha pili hufanywa gari likiwa limesimama. Vuta hendibreki, weka vigingi kwenye magurudumu, usimruhusu mtu kusimama mbele wala nyuma. Weka gia ya tatu, pandisha injini kidogo hadi mizunguko kama 1,500, kisha achia klachi kwa utulivu. Injini nzima yenye klachi nzima itazimika mara moja. Ikiendelea kunguruma huku gari limetulia, klachi imekwisha. Fanya mara moja tu. Kila ukirudia unaichoma zaidi.

Sauti nazo zina maana yake. Ukikanyaga pedali ukasikia mlio wa kukwaruza, ukiachia ukapotea, hiyo ni beringi ya klachi, ile fundi anaiita rilizi. Mlio ukisikika gari likiwa nyutro na mguu wako haupo kwenye pedali, ukapotea unapokanyaga, mtuhumiwa ni beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Hapo klachi mpya peke yake haitakusaidia, na ni afadhali ujue kabla hujakubali bei.

Gari kutetemeka wakati wa kuondoka kunaweza kutokana na oili iliyomwagikia pleti, flaiwili yenye madoa ya joto, au raba za injini na giaboksi zilizokatika. Mwambie fundi azikague raba kwanza, kwa sababu hizo hubadilishwa bila kushusha chochote.

Linalowagharimu watu bure ni gia kuwa ngumu kuingia. Rivasi inapiga kelele, gia ya kwanza inakataa, na watu wanakimbilia kununua klachi nzima. Mara nyingi shida ipo kwenye mfumo wa oili. Klachi nyingi za magari yetu zina masta mbili, mitungi midogo inayosukumana kwa oili: ya juu iliyo nyuma ya pedali, na ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Fungua kikopo cha oili karibu na injini uone kama kimeshuka chini ya alama. Pitisha kidole kwenye ukuta ulio juu ya pedali, ndani ya gari. Ukipata unyevu unaoteleza, masta ya juu inavuja. Kisha ingia chini, ukunjue pembe ya raba ya vumbi kwenye masta ya chini. Kukiwa na oili ndani ya raba hiyo, vikombe vya raba vilivyomo ndani ya masta vimechoka. Jambo la mwisho, kanyaga pedali hadi nusu, itulize hapo kwa dakika moja. Ikizama taratibu yenyewe, oili inapita ndani ya masta hata kama nje pamekauka. Kazi ya masta huisha saa moja au mbili, na bei yake haikaribii bei ya klachi.

Gari dogo lenye kebo badala ya oili, angalia kwanza kebo imekaza kupita kiasi au imelegea. Kebo iliyokazwa mno huiachia klachi nusu muda wote, na pleti nzima huteleza kama iliyokwisha.

Karakana ya wakala, au spea ya wakala kwa fundi wa mjini

Faida ya wakala wa kampuni iliyotengeneza gari lako ni tatu: spea inayotafutwa kwa namba ya gari lako, vipimo vya kiwanda vya kukazia boliti, na dhamana ya maandishi. Hasara yake ni umbali na foleni. Kama karakana unayoiamini ipo Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam, usiunganishe kazi ya klachi na safari yenyewe. Gari litatoka kwa wakala na klachi mbichi, na papo hapo utaliingiza barabara kuu na mzigo. Panga safari ya gereji peke yake, gari likiwa tupu. Na kama klachi imeshaanza kuteleza kwenye gia ya nne kwenye tambarare, usiliendeshe mamia ya kilomita kwenda huko. Litaishia njiani, na flaiwili itakuwa imeungua kiasi cha kutofaa tena.

Njia ya kati inawafaa wengi Tabora: nunua spea kaunta ya wakala, zitumwe kwa basi, kisha zifungwe na fundi wa mjini mwenye vifaa. Ukiichagua, ongeza siku tatu hadi tano za kusubiri. Usiruhusu gari lishushwe giaboksi kabla boksi la spea halijafunguliwa na kukaguliwa. Gari lililolazwa juu ya stendi kwa wiki nzima likisubiri beringi moja ni hasara kwako na kwa fundi.

Unapopiga simu kwa wakala, uwe na namba ya chesisi, aina ya injini na mwaka wa gari mkononi. Magari mengi tuliyonayo yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, na namba zake za chesisi ni fupi kuliko zile za tarakimu 17 za magari yaliyotengenezewa masoko mengine. Mtu wa kaunta akisema namba haionekani kwenye mfumo wake, mwambie kwa upole: "Kaka, ni gari la soko la Japani, naomba utafute kwa kodi ya modeli na injini." Kodi hiyo, yaani herufi na namba zinazotambulisha modeli, imeandikwa kwenye kibati kilichopo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Hilux mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na pleti zenye kipenyo tofauti na idadi tofauti ya meno ya katikati, hivyo usikubali jibu la "Hilux zote ni moja".

Omba makadirio ya maandishi yaliyochanganuliwa: spea kiasi gani, oili kiasi gani, ufundi saa ngapi, kuchonga flaiwili kiasi gani, na kama VAT imo. Kwa gari dogo la magurudumu ya mbele, kazi hii kwa kawaida huchukua saa nne hadi sita. Pikapu au jipu la 4x4 lina giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, na propela mbili, zile shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, hivyo hesabu siku nzima. Uliza pia: flaiwili ikikutwa imeharibika nitapigiwa simu kabla hamjaendelea? Dhamana ni miezi mingapi, na inahusu ufundi pamoja na spea? Kisha sema mapema, iandikwe kwenye jobu kadi: "Naomba spea zote za zamani zirudishwe ndani ya boksi la spea mpya." Sentensi hiyo moja huzuia mambo mengi, na pleti ya zamani ina habari utakayoitaka.

Vitu vya kununua

Pleti, presha pleti (ile inayoibana pleti kwenye flaiwili) na beringi hununuliwa pamoja. Kubadilisha pleti peke yake kunaonekana kuokoa pesa, lakini vidole vya presha pleti ya zamani vimeshalika na nguvu yake ya kubana imepungua. Ongeza beringi ndogo ya katikati ya krenki, shafti kuu ya injini, kama gari lako linayo, raba ya vumbi ya uma wa klachi (foki inayosukuma beringi), na sili ya nyuma ya krenki. Sili hiyo ni ya bei ndogo, lakini kuifikia lazima giaboksi ishuke. Ikianza kuvuja mwezi mmoja baadaye italowesha pleti mpya na utalipia ufundi mara ya pili. Sili ya mbele ya giaboksi nayo iwekwe kwenye hesabu hiyo hiyo.

Oili ya giaboksi: pikapu nyingi huchukua lita 2 hadi 3, na giaboksi ya pili ina kiasi chake. Kitabu cha gari ndicho kitakachokupa kiasi kamili na daraja. Usimimine GL-5 mahali panapotaka GL-4, kwa kuwa viongezi vya baadhi ya oili za GL-5 hula pete za shaba zinazosaidia gia kuingia. Oili ya breki ya DOT 3, ambayo ndiyo huingia pia kwenye kikopo cha klachi, chupa ya nusu lita iliyofungwa kwa sili, inatosha kutoa upepo na kubaki akiba. Chupa iliyokaa wazi dukani imeshavuta unyevu, iache. Kamwe usiongeze oili ya injini au ya usukani kwenye kikopo cha klachi. Vikombe vya raba huvimba na mfumo mzima huharibika.

Klachi bandia zimejaa, na boksi halisemi kweli kila mara. Linganisha maandishi ya boksi na namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Zungusha beringi kwa mkono: nzima huzunguka laini na kwa uzito kidogo kwa sababu ya grisi iliyomo, mbovu hulia au kuzunguka kama gurudumu la baiskeli. Angalia ribiti za pleti, vichwa vyake vyote viwe vimezama sawasawa chini ya uso. Klachi iliyotumika, hata kama muuzaji anaapa imetoka kwenye gari zima, usiinunue kwa safari. Saa za kuifunga ni zilezile za klachi mpya.

Siku ya kazi

Gari liingie likiwa limeoshwa chini. Tabora ina mchanga kiangazi na tope jeusi la mbuga masika, na vyote hukauka kwenye boliti za giaboksi. Mchanga ukidondokea ndani ya nyumba ya klachi unakwenda moja kwa moja kwenye pleti. Fundi anayekubali kuanza kazi juu ya tope lililoganda anafanya haraka isiyo na faida.

Betri ikatwe upande wa hasi. Propela iwekewe alama ya rangi pande zote mbili kabla ya kufunguliwa, ili irudi palepale ilipokuwa, la sivyo gari litatetema kwenye mwendo mkubwa na utailaumu klachi. Masta ya chini ifunguliwe boliti zake mbili tu na kuning'inizwa pembeni kwa waya, bila kufungua bomba, na hapo upepo hauingii. Boliti za kengele ya giaboksi, ile nyumba ya klachi inayoshikana na injini, zina urefu tofauti. Fundi mzuri huchora duara kwenye kipande cha boksi na kuichomeka kila boliti mahali pake. Ndefu ikiingizwa penye fupi, inaweza kupasua nyumba ya aluminiamu.

Giaboksi ishushwe juu ya jeki yake, ikivutwa nyuma ikiwa sawa na injini hadi shafti itoke kabisa. Hapa ndipo pleti nyingi mpya zinapouawa wakati wa kurudisha: giaboksi inaachwa ining'inie kwa uzito wake wote huku shafti ikiwa ndani ya pleti, katikati ya pleti panapinda, na klachi haitaachia vizuri tena. Giaboksi ya pikapu ya 4x4 haiinuliwi kwa vifua vya vijana watatu. Iwe na jeki, na iwe na mtu wa kuangalia pembe.

Vumbi jeusi lililomo ndani lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Pleti za zamani zaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Sasa fika ukaangalie, au omba picha kama wakala haruhusu wateja kuingia. Flaiwili yenye madoa ya buluu imeungua. Pitisha ukucha juu yake: ukikwama kwenye mtaro au ufa, inatakiwa kuchongwa kwenye mashine au kubadilishwa. Nyufa nyembamba kama nywele kwenye uso wa juu tu huondoka kwa kuchongwa, nyufa zinazoingia ndani haziondoki. Usikubali kusuguliwa kwa gurudumu la grinda mkononi, kwa sababu uso hubaki na mawimbi na gari litatetema. Mtikisiko wa uso wake ukipimwa kwa saa ya fundi (kipimo chenye mshale) usizidi milimita 0.1. Baadhi ya dizeli za karibuni zina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Hiyo haichongwi. Ikiwa na mchezo kupita kipimo cha kiwanda, hubadilishwa nzima, na bei yake ni kubwa, ndiyo maana swali la kupigiwa simu kabla linaulizwa mapema.

Chukua pia pleti ya zamani uisome. Kama ribiti zimebakisha kina chini ya milimita 0.3 pleti imekwisha kihalali, kwa umri. Kama imebaki nene lakini imeungua na kung'aa, ilichomwa na uendeshaji au mzigo. Kama imelowa, kuna sili inayovuja na sili hiyo lazima ipatikane leo. Kama imelika upande mmoja kuliko mwingine, mwulize fundi kuhusu uma wa klachi na mahali unapoegemea.

Kabla ya kufunga, uso wa presha pleti mpya hufutwa kwa spirei ya kusafishia breki, maana kiwandani hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Dizeli au mafuta ya taa hayafai kwa kazi hii, huacha utando. Pleti ishikwe pembeni kwa mikono iliyonawa. Ina upande: mara nyingi imeandikwa upande wa flaiwili, na kwenye pleti nyingi kitovu chenye springi kilichotokeza hutazama giaboksi. Ikigeuzwa, kitovu hugonga boliti za flaiwili na gia hazitaingia hata uutoe upepo siku nzima.

Grisi ya meno ya shafti ni kidogo sana, kiasi cha punje ya haragwe kwa meno yote. Fundi makini huipaka kwa ncha ya kidole, huivisha pleti kwenye shafti, huisukuma mbele na nyuma mara mbili, huitoa, kisha hufuta grisi yote iliyosogea pembeni. Inayobaki ni ile iliyo ndani ya mifereji tu. Ikizidi, mzunguko huirusha moja kwa moja kwenye uso wa pleti. Kidogo kingine huwekwa mahali uma unapoegemea na unapogusa beringi.

Pleti huwekwa katikati kwa kifaa chake cha plastiki au kwa shafti ya zamani ya giaboksi ya aina hiyo hiyo. Kukadiria kwa macho kunafanya giaboksi igome kuingia, na hapo ndipo watu huanza kuivuta kwa boliti hadi pleti inapinda. Boliti za presha pleti hukazwa kwa mtindo wa msalaba, nusu duru nusu duru, hadi zishuke zote pamoja. Mwisho wake hutumika spana ya kupimia nguvu. Kwa Toyota nyingi kipimo cha boliti hizo ni newton mita 19, ambayo ni nguvu ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Boliti za flaiwili zina kipimo chao kikubwa zaidi, na kwa baadhi ya injini hukazwa kwa hatua mbili na haziruhusiwi kutumika tena.

Giaboksi ikirudi, uso wake uguse uso wa injini kwa mkono kabla boliti yoyote haijakazwa. Ikibaki nafasi ya kidole, kuna kitu hakijaingia. Irudishwe nyuma, isilazimishwe.

Kama bomba la oili lilifunguliwa, upepo utolewe na watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali mara tatu na kuishikilia chini. Mwingine anafungua kiskurubu cha masta ya chini, oili na mapovu vitoke kwenye kipira cheupe kilichozamishwa kwenye chupa, anafunga, ndipo pedali inaachiwa. Pedali ikiachiwa kabla ya kufunga, upepo unarudi ndani na kazi inaanza upya. Kikopo cha juu kisikauke hata mara moja. Mchezo wa pedali kwa Toyota nyingi ni milimita 5 hadi 15 kabla ya kuanza kuwa nzito. Bila mchezo wowote, beringi inazunguka muda wote na kuisha mapema.

Kulipokea gari

Usilipie kabla hujaliendesha, na uliendeshe wewe, fundi akiwa pembeni. Anza kwa rivasi: injini ikiwa kwenye mwendo wa kusimama, kanyaga klachi, hesabu hadi tatu, ingiza rivasi. Isikwaruze. Panda kilima chochote kilicho karibu kwa gia ya pili bila kuikanyagia mafuta mengi. Sikiliza mlio ukikanyaga na ukiachia. Harufu kidogo ya kitu kipya kinachopata joto siku ya kwanza ni ya kawaida, lakini gari kutetemeka si kawaida, na "itazoea" si jibu la tetemeko.

Rudi, chukua risiti ya EFD, jobu kadi yenye kilomita za siku hiyo, karatasi ya dhamana, na boksi la spea za zamani. Usiku huo lilaze gari juu ya kipande cha boksi kilichotandazwa chini ya kengele ya giaboksi. Asubuhi boksi litakuambia kama kuna tone. Oili ya rangi ya asali na yenye harufu kali ni ya giaboksi. Nyeusi ni ya injini. Nyepesi na angavu ni ya klachi.

Kilomita 500 za kwanza

Pleti na flaiwili huzoeana kwa idadi ya mara unazokanyaga na kuachia kuliko kwa umbali. Kwenda Nzega na kurudi ni zaidi ya kilomita 200, lakini klachi utaikanyaga mara chache tu. Wiki ya mizunguko ya mjini, sokoni, shule, hospitali, kazini, inaifaa zaidi. Lenga kilomita 500 kabla ya safari, na zisipungue 300. Katika muda huo usivute gari lingine, usipakie kupita nusu ya uwezo, usilishike gari kwenye kilima kwa klachi badala ya breki, na usitoe gari kwenye mchanga mzito kwa kunguruma. Kama karakana ilikuwa mkoa mwingine, rudi gari likiwa jepesi na upite katikati ya miji badala ya kukwepa.

Siku mbili kabla ya kuondoka, angalia tena kiwango cha oili kwenye kikopo, kunja raba ya masta ya chini uone kama pamekauka, na rudia kile kipimo cha gia ya nne. Mchezo wa pedali ukiwa umebadilika sana tangu siku ya kufungwa, rudi gereji ukiwa bado mjini kwako.

Njiani

Njia ya kwenda Singida ina mlima Sekenke baada ya Igunga. Shusha gia mapema ukiwa bado na mwendo, gari lipande kwa gia ya pili au ya tatu klachi ikiwa imeachiwa kabisa. Ukikwama nyuma ya lori, simama kwa breki, acha nafasi ipatikane, kisha ondoka mara moja. Kusogea mita moja moja kwa klachi nusu juu ya mlima huo kunaweza kumaliza pleti iliyofungwa juzi. Mguu wa kushoto usiegemee pedali hata kidogo, na hili liambie kila atakayepokezana nawe usukani.

Kwenye mchanga au tope, punguza upepo wa matairi, ingiza 4x4 na gia nzito ya chini kabla hujaingia. Ukinasa, chimba. Majaribio matatu ya kwenda mbele na nyuma yakishindikana, klachi imeshapata joto la kutosha. Izime injini, ipumzike nusu saa, na koleo lifanye kazi.

Ndani ya gari weka chupa ya DOT 3 iliyobaki, kikombe kimoja kimoja cha masta ya juu na ya chini, spana ya kufungulia kiskurubu cha upepo na kipira chake. Kama pedali itakufa kabisa njiani, pleti ikiwa nzima bado unaweza kufika mji unaofuata. Hakikisha mbele pako wazi, weka gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, kisha washa: stata italisukuma gari na injini itashika. Baadhi ya magari mapya hayawaki bila pedali kukanyagwa, hivyo ikanyage tu, maana haiachii kitu. Kupandisha gia, achia mafuta, vuta kwenda nyutro, subiri mizunguko ishuke, kisha sukuma gia inayofuata kwa vidole viwili hadi iingie yenyewe. Kusimama, toa gia kabla gari halijaisha mwendo. Usiingie hivyo katikati ya soko au stendi. Egesha mwanzo wa mji, mwite fundi akufuate hapo.